Punda afe, mzigo ufike?

Nilisoma shule ya msingi uhamishoni, Karagwe nchini Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza msemo "punda afe, mzigo ufike". Nilirudi Rwanda mwaka 1995, na leo nafundisha sayansi hapa Nyakiriba, Rubavu. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo ninavyozidi kuuogopa msemo huo.

Upo mchezo uliojaribu kuukataa kwa kanuni. Ni mbio ndefu za farasi, ambazo hufika hata kilomita 160 kwa siku moja. Njia hugawanywa vipande, na mwisho wa kila kipande daktari wa mifugo hupima moyo wa farasi. Farasi aliyepumzika moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu huweza kupita 200. Kanuni ya kawaida ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) ni kwamba mapigo yashuke hadi 64 au chini ya hapo, ndani ya dakika 15. Asiyeshuka huondolewa, hata kama ndiye aliyetangulia.

Tena katika vituo vya njiani saa haisimami farasi anapowasili. Husimama anapopelekwa kwa daktari akiwa tayari kupimwa. Hivyo anayemchosha mno mnyama wake hupoteza kituoni zile dakika alizozipata njiani. Huruma imewekewa faida.

Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu mbio zilipelekwa kwenye njia tambarare za jangwani, na kasi ikapanda. Mapigo yalishuka vizuri, lakini mifupa ilivunjika. Mapema mwaka 2015 picha ya farasi aliyevunjika miguu yote miwili ya mbele ilienea duniani, na mwezi Machi FEI ikalisimamisha shirikisho la nchi hiyo kwa miezi kadhaa. Mwaka 2016 mashindano ya dunia yaliondolewa Dubai, yakapelekwa Slovakia. Mwaka 2018, huko Tryon, Marekani, mbio za dunia zilifutwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya joto na unyevu. Moyo husema kweli, lakini hausemi yote. Na kanuni bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu.

Msomaji atauliza, farasi wanatuhusu nini sisi? Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza Afrika. Wengi wa waendeshaji wale huvaa mkanda kifuani unaohesabu mapigo ya moyo. Lakini kwetu, kwenye barabara ya Mahoko, vijana husukuma baiskeli zenye magunia ya viazi wakipanda mlima, wala hakuna anayewapima.

Mmoja wao nilimfundisha, kabla hajaacha shule. Siku moja nilimkuta ameketi kando ya barabara, jasho likimtiririka. Nilimshika kifundo cha mkono, nikatazama saa yangu: mapigo 148. Nikamwambia apumzike. Baada ya dakika 10 yalikuwa bado 126.

"Mwalimu," aliniambia, "anayefika wa kwanza ndiye anayepata bei nzuri."

Akainuka, akaenda.

Hapo ndipo penye tatizo. Kijana huyo si mjinga. Anatii kanuni aliyowekewa na soko. Kama vyama vya ushirika na wanunuzi wangekubaliana bei moja kwa siku nzima, asingekuwa na sababu ya kukimbia. Kama pangekuwa na kituo chenye kivuli na maji katikati ya mlima, angepumzika. Hayo hayahitaji mashine, yanahitaji makubaliano.

Farasi wa kitajiri amepata daktari wa kumwambia mwenyewe: leo basi. Mwana wa Nyakiriba naye astahili mtu wa kumwambia hivyo, bila kumkosesha chakula cha jioni.