Sarafu za Mchezo na Shilingi za Mfukoni

Juzi, baada ya sala ya Isha, mtoto wa dada yangu alinijia barazani akaniamkia kwa upole usio wa kawaida yake. Upole wa namna hiyo naujua: nyuma yake pana haja. Naye hakukawia kuitaja. "Mjomba, nitilie shilingi elfu moja na kitu, ninunue sarafu za dhahabu."

Nikamwuliza ni sonara gani auzaye dhahabu kwa bei hiyo. Alicheka, akanionyesha simu yake. Kumbe ni dhahabu isiyoshikika: sarafu za ndani ya mchezo uitwao Old School RuneScape, wenye mashujaa, wachawi na majoka. RuneScape ilianzia Uingereza mwaka 2001, na sura hii ya kikale ilifunguliwa mwaka 2013.

Ulimi ulikuwa tayari kumkaripia. Lakini chuoni tulifunzwa kwamba asiyelijua jambo asilihukumu. Nikamwambia, "Kaa hapa, nionyeshe."

Nikaona mambo. Mchezaji huanza fukara. Kwa nauli ya sarafu 30 hupanda chombo kwenda kisiwa cha Karamja. Huko kuna shamba la migomba: ukichuma ndizi 10 ukajaza sanduku moja, unalipwa sarafu 30, yaani nauli ya kurudia tu! Akifika daraja la 40 la uvuvi, huruhusiwa kutega kamba wakubwa kwa kitu ambacho mimi, mtu wa pwani, nilikitambua mara moja: dema. Mkoba una nafasi 28 tu. Ukijaa, ni lazima apeleke mali benki. Kisha aamue, awauze kamba wabichi, au awapike kwanza huku akijua kwamba wakiungua hasara ni yake.

Tena kuna soko kuu ambako bei hupanda na kushuka kwa wingi wa mali na wingi wa wanunuzi, kama samaki wa kusi na wa kaskazi. Soko hilo hutoza ushuru: ulianza mwaka 2021 kwa sarafu 1 katika kila 100, na mwaka 2025 ukapandishwa kuwa 2. Sababu yake inaeleweka. Kila joka liuawalo huzaa mali, na kuna uganga wa kugeuza vitu kuwa sarafu. Zisipopunguzwa, zitajaa hata zisiwe na thamani. Na kuna nyika ya hatari, ambapo mchezaji mwenzako aweza kukuua akachukua ulichobeba, ukabakiwa kwa kawaida na vitu vitatu tu. Mwenye akili haendi huko na utajiri wake wote.

Basi, ndugu wasomaji, nasema wazi kwamba sikuona upuuzi niliouwazia. Kijana anayefanya hivi anajifunza haba na haba, anajifunza kuweka akiba na kutopapia bei ya kwanza. Tusijifanye wenye hekima kuliko yeye, sisi tunaokopa ili harusi ya siku tatu iwashinde majirani.

Lakini nyumba hii ina milango miwili mibaya.

Wa kwanza ni kamari. Kwa miaka mingi mchezo huo ulikuwa na uwanja ambao wachezaji wawili waliweka dau la sarafu zao, wakapigana, na mshindi akazoa zote. Wapo waliopoteza kwa dakika moja walichokichuma kwa miezi. Sina kilemba cha mufti, lakini dau ni dau, liwe la fedha au la picha, na moyo uliozoea kubahatisha hauulizi sarafu imetengenezwa kwa nini. Wenye mchezo wenyewe waliufunga uwanja huo mwaka 2022.

Mlango wa pili ndio ule alioniletea mpwa wangu. Kuna hati iitwayo bondi, ambayo mtu huinunua kwa fedha za kweli, akaiuza humo kwa mchezaji mwingine na kulipwa mamilioni ya sarafu za mchezo. Hapo ndipo somo lote hugeuka. Aliyetega dema amejifunza subira; aliyelipa shilingi hakujifunza ila kulipa. Na hakununua mali. Hawezi kuirithisha, hawezi kuitoa nje, na kwa sheria za mchezo kila kitu kimo mikononi mwa kampuni. Amenunua ruhusa tu.

Tena sarafu zile si hewa tupu kwa kila mtu. Bolivar ya Venezuela ilipoporomoka, tangu mwaka 2017 hivi, kuna vijana wa huko waliokesha wakiua majoka ya kijani ndani ya mchezo huu, wakiuza sarafu zake kwa dola ili nyumbani kupikwe, ijapokuwa sheria za mchezo zinakataza biashara hiyo. Tajiri wa mbali akinunua kupitia mlango huo wa nyuma ili asichoke, ujue yuko aliyechoka kwa niaba yake. Kwa mmoja ni mchezo, kwa mwenziwe ni kibarua.

Wazazi, msipokonye simu kabla ya kuuliza. Ulizeni jambo moja: sarafu hizi amezichuma, amezibahatisha, au amezinunua? Jibu la kwanza mpimieni saa za kucheza ili sala na masomo visipotee. Majibu mawili ya mwisho fungieni mlango.

Nami nilimjibu mpwa wangu hivyo hivyo. "Sikunyimi kwa ubahili," nilimwambia. "Nakunyima kwa sababu umeshajua kuchuma." Aliondoka amenuna. Lakini nilipopita mlangoni kwake kabla ya kulala, nilimkuta yuko Karamja, anatega dema.