Famasi siyo duka la mangi!

Nimepotea kidogo, mtanisamehe. Boom limechelewa, nikajishikiza kwenye famasi moja ya rejareja hapa Dar, jioni baada ya vipindi na Jumamosi kutwa. Leo sileti stori za bwenini. Leo nina hasira.

Zamu ya jioni tupo wawili tu: dada mmoja mteknolojia dawa, na mimi mwanafunzi. Yeye ndiye anayesoma cheti cha daktari, anatoa dawa, anapokea hela, anahakiki muamala wa simu, anapokea mzigo na bado anamjibu bosi anayepiga kuuliza mauzo. Mimi napanga rafu na kufagia. Ikifika saa moja foleni iko mlangoni. Mmoja ana mtoto anachemka mgongoni, mwingine anagonga kioo kwa sarafu: "Dada, nipe tu Panadol niondoke!"

Sasa twende kwenye hoja. Watu wengi wanadhani kazi ya famasi ni kushusha boksi kutoka kwenye rafu. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu, iliyoanza kutumika Tanzania Bara kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku 3, vinne vinne. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, zinazofuata ni mara mbili kwa siku. Ale kwanza, tena chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Mtoto anapangiwa kwa uzito. Kumweleza mtu hayo mpaka ayarudie mwenyewe ni dakika 4 au 5. Kwenye foleni ya watu 15 dakika hizo zinatoka wapi jamani? Zinakatwa! Mgonjwa anaandikiwa "4x2" kwenye bahasha, "haya, mwingine". Kesho yake homa ikishuka, vidonge vilivyobaki vinalala kabatini. Halafu tunakaa kwenye makongamano kushangaa usugu wa dawa.

Bosi akiombwa aongeze mtu anasema biashara ngumu. Sawa, pango na kodi vinauma, na mteja anahama kwa tofauti ya shilingi mia mbili. Hilo nalikubali. Lakini mbona hela ya bango la taa ilipatikana? Mbona ya friji ya soda ilipatikana? Kinachokosa bajeti ni binadamu tu.

Na ninyi kaka na dada zangu wa fani, leo sitawaonea aibu. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa. Lakini kuna wafamasia ambao vyeti vyao vimetundikwa ukutani kwenye fremu, wenyewe wanaonekana mwisho wa mwezi kuchukua chao. Hivi cheti kinaweza kumuuliza mama kama ni mjamzito? Kinaweza kugundua kwamba dawa mbili alizoandikiwa mzee hazipatani? Kukodisha jina ni biashara ambayo hasara yake anaibeba mgonjwa.

Kichekesho ni kwamba wahitimu wetu wanazunguka mjini na bahasha za kaki wakitafuta kazi, wakati nyuma ya kaunta hakuna mtu. Kazi ipo. Nia ya kuilipia ndiyo haipo.

Baraza la Famasi wanapokagua, wasiishie kwenye joto la friji na tarehe za dawa. Waje saa moja usiku, wahesabu watu walioko kaunta na watu walioko foleni, kisha waulize: mfamasia msimamizi yuko wapi? Na wewe mteja, usikubali bahasha bila maelezo. Simama hapohapo, uliza mpaka uelewe, hata wa nyuma yako wakinuna. Wakinuna sana, waelekeze kwa bosi.

Naomba kuwasilisha.