Darasa la awali vijijini: nani anawahesabu watoto wetu?



Tunapozungumzia elimu ya Waislamu tumezoea kuanzia kwenye matokeo ya darasa la saba au ya kidato cha nne. Tunasikitika, tunalaumiana, kisha tunasubiri matokeo ya mwaka mwingine. Ni mara chache tunarudi nyuma hadi pale safari ilipoanzia, katika darasa la awali la shule ya kijiji, kwa mtoto wa miaka mitano. Wiki hii tumeona turudi huko.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa, na wazazi wakaitikia kwa wingi. Watoto wa awali walioandikishwa nchini walikuwa kiasi cha milioni 1 mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakavuka milioni 1.5. Hiyo ni neema. Lakini walimu na vyumba vya madarasa havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ilhali katika miaka iliyofuata shule za serikali zilikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa.

Tuifanye hesabu hiyo kama tunavyogawa chakula nyumbani. Siku ya darasa ikiwa na saa tatu, sawa na dakika 180, katika darasa la watoto 25 kila mmoja ana dakika saba za mwalimu wake. Katika darasa la watoto 100 hapati hata dakika mbili. Ndani ya dakika hizo mwalimu amfundishe kushika kalamu, asikilize matamshi yake, na amfute machozi akilia. Mtoto akifika darasa la kwanza hajui herufi, tusiharakishe kusema kuwa hana akili.

Vijijini mzigo huu ni mzito zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya watu 4 katika kila 10 wana umri chini ya miaka 15. Mwanamke wa kijijini, kwa wastani, huzaa watoto zaidi ya 5. Wa mjini chini ya 4. Watoto basi wanaongezeka zaidi shamba, ilhali walimu wengi hutamani kupangiwa mjini.

Kwetu Pwani, katika wilaya kama Kilwa, Pangani na Mkinga, yapo mambo mengine. Ukifika msimu wa kilimo baadhi ya familia huhamia mashambani, na wavuvi huenda dago. Mtoto huondoka na wazazi wake, na mahudhurio hushuka. Shule nyingine iko mbali kwa miguu ya mtoto wa miaka mitano, ndiyo maana shule shikizi zilianzishwa ili madarasa ya mwanzo yawe karibu na nyumbani.

Lipo pia jambo la chuo. Mara nyingi tumewasikia akina mama wakisema: "Mwanangu bado mdogo, na asubuhi yuko chuoni kwa maalimu. Shule ataanza darasa la kwanza." Hatuwezi kumlaumu mama anayetaka mwanawe aanze na Qur'ani. Hata hivyo tunamwomba afikiri upya, kwani hakuna ulazima wa kuchagua kimoja na kuacha kingine. Waandishi wa Sira wanasimulia kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliojua kusoma na kuandika walikubaliwa kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Walimu wale walikuwa washirikina, na bado elimu ya maandishi ilipewa thamani ya fidia ya mtu.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliomba msaada wa Aga Khan ili watoto wao wapate maandalizi bora ya shule. Hapo ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, uliofika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jamii yenyewe ilitoa mahali na kusimamia shule. Wanawake wa hapo hapo walifunzwa ualimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na makopo. Mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia vilikaa chini ya paa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto waliopitia shule ya awali walikua kiakili vizuri zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za madrasa waliwazidi wenzao wa shule nyingine za awali.

Tufanye nini? Kwanza, kila mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano amwandikishe wakati wa uandikishaji. Mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi mwalimu anapoombwa. Pili, maalimu na mwalimu mkuu wakae pamoja wapange saa, shule iwe asubuhi na chuo alasiri. Tatu, kamati za misikiti zichangie uji na mikeka, na ziulize katika mikutano ya kijiji: darasa letu la awali lina watoto wangapi, na walimu wangapi? Nne, anayekwenda shamba au dago amwache mtoto kwa bibi yake au shangazi ikiwezekana, asipoteze miezi.

Hawa watoto ni amana, na kila mzazi ataulizwa juu ya amana yake. Tusingoje matokeo ya kidato cha nne ndipo tuanze kuuliza.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika malezi ya watoto wetu. Amin.