Mashindano ya miwani ya michezo, na madini yanayotoka kwetu

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa kampuni kubwa za Marekani, Japani, China na Korea ya Kusini zinashindana kuuza kifaa kimoja: miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili, yenye vioo vidogo vya video ndani yake. Mtu akiivaa anaona kama ameingia ndani ya mchezo wenyewe. Akigeuza kichwa, dunia ile inageuka naye. Akiinua mkono, anaona mkono wake umeshika upanga au mpira. Wataalamu wa lugha wanaita jambo hili uhalisia pepe. Kwetu, wale walioiona katika video iliyotumwa na ndugu wa Ulaya au Kanada wanasema tu casque, na wanaelewana.

Msomaji anaweza kuuliza: mchezo wa watu wenye pesa unahusu nini makanisa ya Kivu, Ituri na Maniema, wakati watu wetu wamehama makwao na mabenki ya Goma yamefungwa tangu Januari 2025? Unatuhusu kwa njia mbili. Njia ya kwanza inapita chini ya ardhi. Ya pili inapita katika nyumba zetu, kwa watoto. Lakini kwanza tuelewe mashindano yenyewe, maana ni biashara ya namna ya pekee.

Ilianza na kijana wa California, Palmer Luckey, aliyetengeneza kifaa chake na mwaka wa 2012 akaomba watu wamchangie kwa intaneti. Walimchangia zaidi ya dola milioni 2. Miaka miwili baadaye, Facebook ilinunua kampuni yake, Oculus, kwa dola karibu bilioni 2, kabla hata haijauza miwani moja madukani. Mwaka wa 2016 washindani watatu wakafika sokoni: Oculus Rift kwa dola 599, Vive ya kampuni HTC ya Taiwan kwa dola 799, na PlayStation VR ya Sony kwa dola 399. Mbili za kwanza zilihitaji kompyuta yenye nguvu kubwa, na waya uliomfunga mchezaji kama mbuzi kwenye mti. Ya Sony ilihitaji PlayStation 4.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 2019, Facebook ilipotoa Quest, miwani isiyohitaji kompyuta wala waya. Mwaka uliofuata ikatoa Quest 2 kwa dola 299. Hapo washindani wengi walianza kuachwa nyuma, na si kwa sababu kifaa chao kilikuwa kibaya. Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook ambayo leo inaitwa Meta, alisema wazi mwaka wa 2021 kwamba wanauza vifaa vyao bila faida, au hata chini ya gharama, ili watu wengi waingie. Idara ya Meta inayotengeneza miwani hiyo na kazi nyingine za namna hiyo ilipata hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka wa 2022, bilioni 16.1 mwaka wa 2023, na bilioni 17.7 mwaka wa 2024. Bajeti nzima ya serikali ya Kongo kwa mwaka wa 2024, yaani mashule, hospitali, jeshi, barabara na mishahara, ilikuwa kama dola bilioni 16.

Kwa nini mtu mwenye akili akubali hasara ya namna hiyo? Kwa sababu anayeuza miwani ndiye mwenye mlango. Michezo inanunuliwa katika duka lililo ndani ya miwani, na mwenye duka anakata kama asilimia 30 ya kila mchezo unaouzwa. Ni kama mtu anayekupa kibanda cha bure sokoni, kisha anachukua karibu theluthi moja ya kila kilo ya maharagwe utakayouza, siku zote. Ndiyo maana Meta ilinunua pia watengenezaji wa michezo yenyewe. Mwaka wa 2019 ilinunua kampuni ya Beat Saber, mchezo unaopendwa kuliko karibu yote katika miwani hii. Serikali ya Marekani ilijaribu mwaka wa 2022 kuizuia isinunue kampuni nyingine, Within, lakini mwanzoni mwa 2023 mahakama ilikataa kuizuia. Ujerumani nayo ilipinga sharti la kumlazimisha mnunuzi awe na akaunti ya Facebook. Kwa miaka kama miwili Quest 2 haikuuzwa huko, mpaka Meta ilipoondoa sharti hilo.

Wengine hawajalala. Sony ilitoa PlayStation VR2 mwaka wa 2023 kwa dola 549.99, ikaona wateja hawaji vya kutosha, na Machi 2025 ikapunguza mpaka 399.99. Apple iliingia Februari 2024 na Vision Pro ya dola 3,499, bei ambayo wachezaji wengi waliicheka. ByteDance ya China, mwenye TikTok, ina Pico. Meta ilijibu Oktoba 2024 kwa Quest 3S, tena dola 299. Oktoba 2025 Samsung pamoja na Google walitoa Galaxy XR kwa dola 1,799, na mwezi uliofuata Valve, wenye duka kubwa la michezo ya kompyuta liitwalo Steam, walitangaza miwani yao Steam Frame, yenye uzito wa gramu kama 440.

Ukisoma magazeti ya michezo utaona wanapima uzito, bei, ukali wa picha, saa ambazo betri inadumu (nyingi ni mbili tu, kisha unarudi kwenye umeme). Wanapima vizuri. Kuna mambo mawili ambayo katika mashindano haya yote hayapimwi.

La kwanza ni muda kifaa kitakaoishi. Google ilianzisha Daydream mwaka wa 2016, ikaiacha mwaka wa 2019. Microsoft ilikuwa na mfumo wake wa Windows Mixed Reality, uliotumiwa na miwani ya kampuni kadhaa. Mwisho wa 2023 ilitangaza kwamba inauacha, na kompyuta zilizopokea toleo jipya la Windows 11 hazikuweza tena kuitumia miwani ile. Mchezo Echo VR, uliokuwa na wachezaji waaminifu, ulizimwa na Meta mwaka wa 2023, na mwaka uliofuata studio iliyoutengeneza ikafungwa. Kifaa kizima, kisichovunjika, kinakuwa takataka kwa sababu mtu fulani ofisini ameamua. Mkulima wa kwetu anatumia jembe moja mpaka chuma kiishe.

La pili ni mahali madini yanapotoka. Hapa ndipo tunaingia sisi.

Ndani, miwani hii ni ndugu wa simu: kichakato, vioo, kamera, betri. Vifaa vya namna hii vinatumia tantali, inayotoka katika koltani, katika sehemu ndogo zinazotunza umeme. Vinaunganishwa kwa bati, ambalo tunalijua kama kasiteriti. Betri nyingi za lithiamu zina kobalti, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Kuhusu koltani, Umoja wa Mataifa ulisema mwaka wa 2024 kwamba eneo la Rubaya, katika Masisi, linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tangu mwisho wa Aprili 2024 eneo hilo liko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa koltani unaliletea kundi hilo kama dola 800,000 kila mwezi. Mwisho wa Januari 2026 mashimo ya Rubaya yaliporomoka wakati wa mvua, na wakuu wa mahali walitaja zaidi ya watu mia mbili waliokufa: wachimbaji, wamama wachuuzi, na watoto.

Lazima tuseme kweli, maana mahubiri yasiyo na kipimo hayasaidii. Miwani ya michezo haikuanzisha vita vyetu. Kila mwaka dunia inanunua simu zaidi ya bilioni moja. Miwani hii ni kama milioni kumi tu katika mwaka mzuri. Mtoto wa Ohio anayecheza Beat Saber si adui wa mtoto wa Masisi. Lakini wazee wa Kivu wanakumbuka mwaka wa 2000. Kampuni za simu, kompyuta na michezo zilipogombania tantali, mwaka ule ule PlayStation 2 ilipotoka, bei ya koltani ilipanda mara nyingi katika miezi michache. Watu waliacha mashamba, vijana waliacha masomo wakakimbilia mashimo, na wenye bunduki wakakimbilia huko huko. Mwaka wa 2001 bei ilianguka. Simu na michezo havikuacha kuuzwa. Waliobaki na shimo tupu ni sisi.

Kisha dunia ikajaribu kurekebisha. Mwaka wa 2010 Marekani ilitunga sheria ambayo huku tuliiita sheria ya Obama: kampuni zenye hisa katika soko la Marekani ziseme kila mwaka kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Kobalti haimo. Septemba ya mwaka ule Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na familia nyingi ziliona njaa. Baadaye mifuko ya madini ikaanza kuwekwa alama ili ijulikane ilipotoka. Kazi hiyo ilileta faida fulani, lakini alama ni kipande cha plastiki, na kinaweza kuvuka mlima usiku pamoja na mfuko ambao si wake. Apple ilisema mwisho wa 2024 kwamba imewaambia wanaoiuzia vifaa waache kununua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Wengine walishangilia. Lakini kwa mchimbaji aliye kwenye mgodi halali, jibu la namna hiyo linamaanisha kwamba mtu wa mbali ameamua kutomwona.

Ndiyo sababu mashindano ya bei yanatuhusu. Kampuni inayouza kwa hasara ili kumshinda jirani haina hamu ya kumlipa zaidi yeyote aliye chini yake. Inambana mwenye kiwanda, mwenye kiwanda anambana myeyushaji wa madini, myeyushaji anambana mnunuzi wa Goma au Bukavu, mnunuzi anambana yule tunayemwita PDG wa shimo, na PDG anambana kijana mwenye mtarimbo, ambaye chini yake hakuna mtu ila udongo. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, alimkemea mfalme aliyejenga jumba la vyumba vikubwa na madirisha mapana bila kuwalipa wafanyakazi wake. Hakumkemea kwa sababu ya madirisha.

Kuhusu watoto tutasema kwa ufupi. Miwani hii haiuzwi rasmi kwetu; inakuja katika sanduku la mjomba aliyerudi likizo. Basi mzazi ajue mambo machache. Sony inasema miwani yake si ya watoto wenye umri chini ya miaka 12. Meta ilikuwa na mpaka wa miaka 13, na mwaka wa 2023 ikaushusha hadi 10, kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Miwani ina kamera zinazotazama chumba, na michezo mingi inaunganisha mtoto na sauti za watu asiowajua, wala mzazi aliyekaa karibu haoni kinachoonekana ndani. Kuna namna ya kuonyesha picha ile katika simu ya mzazi. Mjomba aombwe aiweke kabla hajarudi Ulaya.

Kanisa linaweza kufanya nini zaidi ya kuonya? Tangu Januari 2025 Kanisa la Kristo katika Kongo na Maaskofu Wakatoliki wanabeba pamoja mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi huko Washington, na siku ile ile Kongo na Marekani zilipatana kuhusu madini. Basi nchi yenye kampuni hizi kubwa imekaa mezani. Ni haki yetu kuuliza nini kitaandikwa kuhusu usalama wa shimo na bei ya kilo, si kuhusu tani tu.

Kuna mlango mwingine ambao hatujaugonga vya kutosha. Makanisa kadhaa ya Marekani na Ulaya ambayo ni washiriki wetu yana mifuko ya pensheni ya wachungaji, na mifuko hiyo ina hisa katika kampuni kubwa za namna hii. Mwenye hisa anaweza kuleta pendekezo katika mkutano wa mwaka, lakini lazima alipeleke miezi kadhaa mbele. Kwa hiyo barua zetu kwa washiriki zisingoje sikukuu. Ziandikwe na sinodi au jumuiya, si na mtu mmoja, na ziombe jambo moja linalopimika: kampuni itaje migodi ambayo koltani yake inatoka, na bei iliyolipwa huko kwa kilo. Kwa Meta pendekezo litaanguka, maana Zuckerberg peke yake ana zaidi ya nusu ya kura. Hata hivyo, kampuni ikipinga pendekezo inaandika sababu zake katika karatasi zinazotumwa kwa wenye hisa wote kabla ya mkutano, na karatasi hizo zinasomwa na yeyote, hata hapa Goma kwa mega chache.