Mtoto Atokaye Damu Hakurogwa

Wazee wa Ufipa hueleza kwamba maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Mgeni aliyepanda uwanda ule wa juu alitakiwa auache uchawi wake nje ya mji kabla hajakaribishwa. Tangu mwaka 1974 mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Leo barabara ya lami imeufikia kutoka Tunduma, shule zimeongezeka na hospitali zipo. Lakini hatuwezi kusema kwamba lile agizo la wazee limekwisha kutekelezwa. Upo ugonjwa mmoja ambao, kwa kuwa ni wachache wanaoufahamu, unaendelea kuwapatia wapiga ramli riziki na kuwavunjia heshima akina mama wasio na hatia. Ugonjwa huo ni hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda ipasavyo.

Tuchukue mfano. Mtoto wa kiume amezaliwa katika kijiji kimojawapo cha bonde la Rukwa, tuseme upande wa Muze au Mtowisa. Miezi ya kwanza hana taabu. Anapoanza kutambaa, magoti yake yanavimba, na mwilini yanatokea mabaka meusi kama ya mtu aliyepigwa. Anapong'oka jino, damu inachuruzika mchana na usiku. Majirani wanakumbuka kwamba mjomba wake alitoka damu siku ya kutahiriwa hadi akafa. Wanahesabu, na hesabu yao inawaonyesha kwamba wanaopatwa ni wavulana, na kwamba wote ni wa upande wa mama. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kosa limo katika jibu, maana jibu linalotolewa ni kwamba mama huyo ametoka katika ukoo wa wachawi. Mama anarudishwa kwao, na mtoto anapelekwa kwa mganga akachanjwe chale. Kumchanja chale mtoto ambaye damu yake haigandi ni kumsogeza kaburini.

UKWELI WA MAMBO

Damu ya binadamu huganda kwa kazi ya protini nyingi zinazofuatana, ambazo madaktari wamezipa namba. Mwenye hemofilia ya aina A ana upungufu wa protini namba 8, na mwenye aina B ana upungufu wa namba 9. Aina A humpata takriban mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 wanaozaliwa, na aina B ni adimu zaidi. Mgonjwa hatoki damu kwa kasi kuliko watu wengine, bali damu yake hukawia mno kukoma. Jeraha dogo la ngozi si hatari yake kubwa. Hatari kubwa ni damu inayovujia ndani, katika goti, katika kiwiko, katika kifundo cha mguu, na wakati mwingine katika ubongo. Kiungo kinachojaa damu mara kwa mara huharibika, na kijana wa miaka 15 hubaki na goti la mzee.

Kasoro hii hubebwa na kromosomu ambayo mwana wa kiume huipata kwa mama yake. Mama mwenye kuibeba kwa kawaida huonekana mzima, ingawa baadhi yao nao hutoka damu kupita kiasi wakati wa hedhi na wa kujifungua. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuwa mgonjwa, na kila binti ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Zaidi ya hayo, karibu theluthi moja ya wagonjwa hutokea katika koo ambazo hazijapata kuwa na mgonjwa hata mmoja. Basi mama hakuchagua, hakukosa, wala hakuroga.

Wala wasifikiri watu kwamba mambo haya ni ya Waafrika au ya watu wa vijijini peke yao. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji, na kupitia mabinti zake ugonjwa uliingia katika nyumba za wafalme wa Ulaya. Alexei, mrithi wa mfalme wa Urusi aliyezaliwa mwaka 1904, alikuwa nao, na uchunguzi wa mabaki yake uliotangazwa mwaka 2009 umethibitisha kwamba ilikuwa aina B. Wazazi wake, pamoja na utajiri wao wote, waliishia kumtumaini Rasputin, ambaye hakuwa na tofauti kubwa na wapiga ramli wetu. Mzazi anayeona mtoto wake akiteseka, naye hana dawa wala maelezo, hushika chochote anachopewa. Kwa hiyo tusimcheke mzazi wa Mtowisa. Tumpe maelezo, na tumpe dawa.

WAKO WAPI?

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni 1.5. Karibu nusu yao ni wanaume. Kwa kipimo cha mmoja kati ya 5,000, kama wote waliozaliwa na hemofilia wangekuwa hai, mkoa huo peke yake ungekuwa na wagonjwa zaidi ya mia moja. Hapana budi tujiulize, wako wapi? Wapo waliozikwa wakiwa watoto bila ugonjwa wao kupewa jina. Wapo wanaotembelea fimbo na kuitwa viwete wa kuzaliwa. Na wapo walioko madarasani hivi sasa, mbele ya walimu wanaosoma makala hii.

Mtoto wa namna hiyo mwalimu anamfahamu, ila hajui kwamba anamfahamu. Ndiye yule ambaye hakosi wiki mbili bila kukosa shule, anayerudi akichechemea, anayekataa mpira na kukwepa jembe katika shamba la shule, na ambaye wenzake wamekwisha kumbandika jina la mvivu. Mwalimu mwenye haraka humchapa. Fimbo ambayo kwa mtoto mwingine ni maumivu ya saa moja, kwa huyu yaweza kuwa damu ndani ya msuli kwa majuma. Kwa hiyo mwalimu na aulize kabla ya kuadhibu. Akiona kiungo kimevimba bila sababu, ampumzishe mtoto, akiinue kiungo, akikande kwa maji baridi, na awaite wazazi waende hospitali bila kungoja kesho. Naye ajue kwamba mtoto huyu anahitaji shule kuliko wenzake. Katika nchi ya matuta ya ntumba, ambako riziki ya wengi hutoka katika jembe, kijana mwenye magoti mabovu atakula kwa kalamu au atategemea kuombewa.

Watumishi wa afya nao wana sehemu yao. Zamani, kabla ya darubini na maabara, watu waliutambua ugonjwa huu kwa kuwa makini tu. Katika karne ya 2 wanazuoni wa Kiyahudi waliagiza kwamba mama aliyefiwa na wana wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Miaka elfu moja hivi iliyopita tabibu Al-Zahrawi wa Kordoba aliandika habari za wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakifa kwa kutokwa damu. Leo mganga wa zahanati anashindwaje kuuliza swali moja kabla ya tohara au kabla ya kung'oa jino: je, kwenu yupo mwanamume aliyetoka damu bila kukoma? Rukwa ilikuwa mmojawapo wa mikoa iliyolengwa katika kampeni za tohara za kuzuia ukimwi. Kazi hiyo ni njema, na swali hilo halina gharama yoyote. Tena mganga akumbuke kwamba mgonjwa huyu hapewi aspirini wala diklofenaki, bali parasetamoli, na kwamba asichomwe sindano ya msuli ikiwa ipo njia nyingine.

DAWA NA UMBALI WAKE

Hemofilia haina dawa ya kuimaliza ambayo mtu wa kawaida aweza kuifikia. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa aina B, kwa bei ya dola milioni 3.5 kwa mgonjwa mmoja. Tuliache hilo kwa sasa. Tiba ya kawaida ni kumrudishia mgonjwa ile protini aliyopungukiwa, kwa sindano ya mshipa. Hapo zamani alipewa damu nzima au maji ya damu, ambayo yana protini hiyo kidogo sana. Mwaka 1964 Judith Graham Pool wa Marekani aligundua namna ya kuitenga namba 8 kwa kugandisha maji ya damu na kuyayeyusha polepole. Baadaye ikaja dawa ya unga katika vichupa, iliyotengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu. Dawa hiyo iliokoa wengi, lakini kabla ya njia za kuua virusi kutumika vizuri, katika miaka ya 1980 iliwaambukiza ukimwi na homa ya ini maelfu ya wagonjwa katika nchi tajiri. Siku hizi dawa hizo husafishwa, nyingine hutengenezwa bila damu ya mtu, na tangu mwaka 2017 ipo emisizumabu, ambayo mgonjwa wa aina A huchomwa chini ya ngozi, hata mara moja tu kwa mwezi.

Hivyo elimu ya tiba imekwisha kupatikana. Ugumu uliobaki ni umbali. Damu inapovujia katika goti, mgonjwa atakiwa apate sindano mapema, ikiwezekana katika saa mbili za mwanzo. Sasa mtoto wa Muze ni lazima apande ukingo wa bonde hadi Sumbawanga. Kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Muhimbili, ambako wataalamu wengi wa damu wapo, ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa mtoto huyo, dawa iliyoko Dar es Salaam ni habari ya dawa tu.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa hawa ni wachache, na kwamba fedha ziende kwa malaria na kwa akina mama wanaojifungua. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, maabara iwezayo kupima muda wa damu kuganda, na benki ya damu yenye damu salama, ndizo zinazomwokoa pia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Dawa ya asidi ya traneksamiki, ambayo si ghali na ambayo mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike mapema kwa mama huyo, ndiyo hiyo hiyo inayozuia damu ya fizi kwa mwenye hemofilia. Pili, mtoto aliyekosa dawa hakomi kuligharimu taifa. Hulala wodini mara kwa mara, mama yake huacha shamba ili amuuguze, na mwishowe tunapata kilema ambaye angeweza kuwa mwalimu au karani.

Mambo yanayotakiwa yako ndani ya uwezo wetu. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na kipimo cha kuganda kwa damu na mtu anayejua kukisoma. Rukwa na mikoa mingine ya pembezoni iwe na akiba ya vichupa kwa ajili ya dharura. Dawa nyingi za namna hii hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ambao ndio ubaridi wa majokofu ya chanjo yaliyokwisha kusambazwa hadi zahanati. Wazazi wafundishwe kuchoma sindano nyumbani, kama wafanyavyo wenzao kwingineko. China imeonyesha kwamba hata dozi ndogo, ikitolewa kwa utaratibu kabla damu haijavuja, hupunguza sana matukio ya kuvuja.

Jambo la mwisho ni gharama. Tangu mwaka 1996 Shirikisho la Dunia la Hemofilia limekuwa na mpango wa kugawa dawa za msaada, na nchi yetu ni miongoni mwa zinazopokea. Tunashukuru. Lakini msaada una mwenyewe, na mwenyewe aweza kubadili nia. Haifai uhai wa mtoto wa Kitanzania utegemee hisani ya watu asiowajua. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima maana yake ni wengi wazima kuwabeba wachache wagonjwa, na ugonjwa wa mmoja kati ya 5,000 ndio hasa unaoonyesha kwa nini watu huchanga pamoja. Mtumishi na mwalimu anayekatwa mchango wake kila mwezi ana haki, na pia ana wajibu, wa kudai kwamba wagonjwa hawa wasiachwe nje ya mafao.

Mjini Sumbawanga ipo hospitali inayoitwa kwa jina la Dk. Atiman. Adrian Atiman alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Katika zama ambazo hapakuwa na barabara wala gari, mtu mmoja aliileta tiba mpaka mahali walipo wagonjwa, akakaa nao miaka 67. Sisi tuna lami, majokofu na simu. Tukiendelea kumwacha mama wa bondeni aitwe mchawi kwa sababu ya ugonjwa ambao dawa yake inajulikana, agizo lililomo katika jina la Sumbawanga litakuwa linatuhusu sisi tuliosoma kabla ya kumhusu mpiga ramli.