Shule ni nafasi kabla ya kuwa jengo

Mtoto wa Kimironko akiulizwa asubuhi anakokwenda, atajibu kwa Kinyarwanda kwamba anakwenda ku ishuri. Mwenzake wa Bujumbura atasema ishure, wa Dodoma atasema shule, wa Unguja atasema skuli. Na wote wakifika langoni, huenda wakakuta kibao chenye neno la Kiingereza: school. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Mama yao ni neno la Kigiriki cha kale, skhole. Kilatini kiliazima neno hilo kikaliita schola. Kutoka hapo likaingia katika Kiingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na katika Kijerumani likawa Schule. Wajerumani walipozitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, walikitumia Kiswahili katika utawala wao, na Schule ikageuka shule. Kinyarwanda nacho kikaipokea na kuitamka kwa ulimi wake. Utawala huo uliondoka Kigali mwaka 1916, miaka tisa tu baada ya Richard Kandt kuuanzisha mji mwaka 1907, lakini neno likabaki. Unguja, iliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, ilichukua neno la watawala wake, ndiyo maana hadi leo watoto wa huko wanakwenda skuli.

Wapo wanaokiona Kiswahili kuwa mgeni nchini Rwanda, aliyebisha hodi pale Bunge lilipokipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Hao wasikilize darasani: umwarimu, igitabo, ikaramu. Mwalimu, kitabu na kalamu viliingia zamani, na hakuna anayeviona vigeni tena.

Hata hivyo, jambo zito zaidi limo katika maana. Kwa Wagiriki, skhole haikuwa jengo wala darasa. Ilikuwa wasaa, yaani wakati ambao mtu hasukumwi na kazi. Mwenye wasaa aliutumia kujadiliana na kujifunza, neno likahamia kwenye mijadala yenyewe, kisha mahali ilipofanyika. Kiswahili kina neno linalobeba maana zote mbili: nafasi. Asemaye "sina nafasi" hana wakati, na mzazi asemaye mwanawe "amepata nafasi" anazungumzia shule.

Ni kweli kwamba wasaa wa Wagiriki ulikuwa wa wachache. Nyuma ya bwana aliyeketi kujadili alikuwepo mtumwa aliyelima na kuchota maji. Elimu ya msingi kwa wote ni ahadi ya kuvunja mpango huo, ili hata mtoto wa mkulima wa Bugesera awe na saa zake za kukaa na kitabu. Nchi za ukanda huu zimeitoa ahadi hiyo moja baada ya nyingine: Uganda ilianza mpango wa elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, Tanzania ikafuata mwaka 2001, Kenya na Rwanda mwaka 2003, Burundi mwaka 2005.

Lakini kufuta ada si sawa na kutoa nafasi. Mtoto anayepanda mlima na dumu la maji kabla ya kengele, kisha jioni akabeba mdogo wake mgongoni hadi mama arudi sokoni, jina lake limo katika daftari la mahudhurio lakini wasaa hana. Mtoto wa mwenye gari naye yuko mashakani kwa njia nyingine. Anatoka darasani na kuingia katika masomo ya ziada, Jumamosi vivyo hivyo, na likizo vivyo hivyo. Kenya ililiona tatizo hilo na kuyakataza masomo ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kwa mtoto wa kwanza kazi imeila shule, na kwa wa pili shule yenyewe imegeuzwa kazi.

Wakuu wa elimu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huketi kulinganisha mitaala, vyeti na miaka ya masomo. Ni kazi njema. Wakiketi tena, waweke mezani na swali hili: mtoto ana saa ngapi kwa siku ambazo ni zake za kujifunza bila kukimbizwa? Bomba la maji karibu na kijiji, chakula cha mchana shuleni na mahali pa kuwalea wadogo ni mambo ya elimu sawasawa na vitabu. Bila hayo, serikali zitaendelea kujenga madarasa na kuyaita shule, na watoto wataingia humo bila kile ambacho neno lenyewe liliwaahidi.