Brady ao Belichick: nani alimfanya mwenzake? Jibu liko Tampa

Kuachana kwa kocha Bill Belichick na timu ya New England Patriots, kulikotangazwa Alhamisi tarehe 11 mwezi wa kwanza 2024, kulifufua mabishano ambayo wapenzi wa mpira wa Kimarekani walikuwa nayo kwa karibu miaka minne. Kati ya kocha huyo na mchezaji wake wa zamani Tom Brady, nani alimfanya mwenzake kuwa mkubwa? Kwa misimu 20 wawili hao walikaa nyumba moja na kuchukua makombe sita. Kiisha wakaachana. Brady akaenda kuchukua la saba kwa watu wengine. Belichick aliondoka baada ya msimu wa kushinda mechi nne na kupoteza 13.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo mtu akisema mpira, ni mpira wa miguu, na mabishano yetu ni ya Mazembe, Vita na Maniema Union. Ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, wengi wetu tunauona vipande vipande kwenye simu. Kwa hiyo tueleze jambo moja kwanza. Kila timu ina mchezaji anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, na ana sekunde mbili ao tatu za kuamua: arushe kwa nani, ampe nani akimbie nao, ao aukumbatie na kuangushwa chini. Akirusha vibaya, wapinzani wanaukata na shambulio ni lao. Ndiyo maana kwotabeki hulipwa kuliko wenzake, na ndiyo maana timu ikipoteza, jina la kwanza kutajwa ni lake.

Brady aliingia kwa mlango wa nyuma. Katika uteuzi wa wachezaji vijana wa mwaka 2000, timu zote za ligi ya NFL zilitaja majina 198 kabla ya lake. Alikuwa mwembamba na hakuwa na mbio. Hapa kuna kitu kidogo ambacho Mkongomani atapenda kukijua: mwaka 1995, Brady alipofika Chuo Kikuu cha Michigan akiwa kijana asiyechezeshwa hata mechi moja, nyota wa timu hiyo alikuwa Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Canada. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo Biakabutuka alikimbia na mpira yadi 313 dhidi ya Ohio State, na mwaka uliofuata timu ya Carolina Panthers ikamchukua akiwa wa nane katika uteuzi wote. Majeraha yalimwandama na mwaka 2001 ukawa wa mwisho kwake. Mwaka huo huo ndio Brady alipoanza.

Alianza kwa ajali ya mwingine. Kwotabeki wa kwanza wa Patriots, Drew Bledsoe, aliumizwa vibaya mwezi wa tisa 2001, kijana akaingia, na mwezi wa pili 2002 timu ikashinda fainali kubwa, Super Bowl, kwa 20-17 mbele ya St. Louis Rams. Makombe mengine yakafuata. Lile lisilosahaulika ni la mwezi wa pili 2017: Atlanta Falcons waliongoza 28-3, watu wakaanza kuzima televisheni, na Patriots wakamaliza wakiwa mbele 34-28 baada ya muda wa ziada.

Sasa tuje kwenye kuachana kwao. Belichick alikuwa na sifa ya kuachana na mchezaji kabla hajachakaa, hata kama mashabiki wanalia. Mwanzoni mwa 2020 Brady alikuwa na miaka 42. Pasi yake ya mwisho kwa Patriots, katika mechi waliyopoteza mbele ya Tennessee Titans, ilikatwa na mpinzani aliyekimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja. Ilionekana kama alama ya mwisho. Klabu haikumpa mkataba mrefu aliotaka, na mwezi wa tatu akasaini Tampa Bay Buccaneers, miaka miwili kwa dola milioni 50.

Wengi walicheka. Tampa ilikuwa imekaa tangu msimu wa 2007 bila kufika mechi za mtoano. Brady alifika Florida wakati wa korona, kila kitu kimefungwa. Mwezi wa nne alifukuzwa kwenye bustani ya mji, ambayo nayo ilikuwa imefungwa, alipokuwa akifanya mazoezi peke yake. Kiisha akaanza kukusanya wenzake kwenye uwanja wa shule moja kurushiana mpira, kwa sababu klabu zilikuwa zimezuiwa kufanya mazoezi ya pamoja.

Mabishano hayo yalisahau swali moja: Tampa ya 2020 ilikuwa nyumba ya namna gani? Haikuwa kibanda kilichoanguka. Ilikuwa na wapokeaji wawili hodari, Mike Evans na Chris Godwin. Ilikuwa na safu ya ulinzi yenye Lavonte David, Shaquil Barrett na Ndamukong Suh. Kocha wake Bruce Arians alikuwa amekwisha kufanya kazi na kwotabeki wakubwa. Ilikosa kitu kimoja: mtu asiyetupa mali ovyo. Msimu wa 2019 kwotabeki wao Jameis Winston alirusha pasi 33 za kufunga, lakini pasi zake 30 zilikatwa. Mwaka uliofuata Brady alirusha 40 za kufunga, na zilizokatwa zilikuwa 12. Hapo ndipo timu iliyoshinda mechi saba na kupoteza tisa iligeuka kuwa timu ya kushinda 11 na kupoteza tano.

Hata hivyo haikuwa rahisi. Mwezi wa kumi na moja New Orleans Saints waliwapiga 38-3 nyumbani kwao Tampa. Baada ya mechi 12 walikuwa na ushindi saba na vipigo vitano, na magazeti yakaandika kwamba mzee amechoka. Arians anapenda pasi ndefu za kubahatisha. Brady alizoea pasi fupi, za haraka, za kumchosha mpinzani. Ilibidi kila mmoja amsogelee mwenzake. Tangu hapo hawakupoteza tena: mechi nane mfululizo, tatu za mtoano zikiwa ugenini, Washington, New Orleans na Green Bay. Na tusimpambe kupita kiasi. Huko Green Bay pasi zake tatu zilikatwa, na ni ulinzi uliomwokoa.

Fainali ilichezwa tarehe 7 mwezi wa pili 2021 mjini Tampa kwenyewe. Haikuwahi kutokea timu kucheza Super Bowl katika uwanja wake. Upande wa pili ulikuwa Kansas City Chiefs na Patrick Mahomes, kijana wa miaka 25 ambaye kila mtu alimwita mrithi. Brady alikuwa na 43. Tampa ilishinda 31-9, na Brady akatajwa mchezaji bora wa fainali kwa mara ya tano.

Tuangalie zile pointi 31 zilitoka kwa nani. Rob Gronkowski alifunga mara mbili. Alikuwa amestaafu, akarudi juu ya Brady. Antonio Brown alifunga mara moja. Aliletwa katikati ya msimu baada ya timu nyingine kumkimbia. Leonard Fournette alifunga mara moja. Alikuwa ameachwa na Jacksonville siku chache kabla ya msimu kuanza. Mpiga mateke Ryan Succop aliongeza zilizobaki. Wote wanne walifika Tampa mwaka ule wa 2020. Hakuna hata pointi moja iliyofungwa na mtu aliyekuwapo mwaka uliotangulia.

Lakini zile tisa za Kansas City nazo zina maana yake. Mahomes hakufikisha mpira mwisho hata mara moja usiku ule, na waliomfukuza uwanja mzima ni wale wale mabeki ambao wengi wao Brady aliwakuta. Tena walinzi wawili wa kawaida wa pembeni wa Mahomes walikuwa majeruhi. Kwa hiyo anayesema Brady alishinda peke yake hakuangalia mechi, na anayesema alibebwa hakuangalia ubao wa pointi.

Kwa maoni yangu, ukubwa wa Brady baada ya kuhama ulianza kabla hajarusha mpira wowote. Ulianza pale alipochagua mlango. Mtu wa miaka 42 hana muda wa kujenga msingi. Alitafuta nyumba yenye kuta na bati, iliyokosa mwenye kufungua. Kisha akabeba watu wake na kuingia.

Waliohama kabla yake na baada yake wanasaidia kuona tofauti. Peyton Manning aliachwa na Indianapolis Colts mwaka 2012 baada ya kupasuliwa shingo mara kadhaa. Akaenda Denver, na mwaka 2013 akarusha pasi 55 za kufunga, rekodi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Kombe lenyewe alilipata mwezi wa pili 2016, na hapo mkono ulikuwa umekwisha nguvu: msimu ule pasi za kufunga zilikuwa tisa, zilizokatwa 17. Ulinzi wa Denver, ukiongozwa na Von Miller, ndio uliombeba mpaka mwisho. Manning alikuwa na akili ya kukubali kubebwa, na hilo si dogo kwa mtu wa jina lake. Russell Wilson alikwenda Denver hiyo hiyo mwaka 2022 kwa bei kubwa mno. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi tano tu, na mwisho wa mwaka 2023 akawekwa benchi. Aaron Rodgers, aliyechaguliwa mara nne kuwa mchezaji bora wa ligi, alifika New York Jets mwaka 2023. Katika mechi yake ya kwanza, tarehe 11 mwezi wa tisa, alikanyaga vibaya kwenye shambulio la nne na mshipa wa kisigino ukakatika. Msimu wake uliisha kabla watu hawajakaa vizuri vitini.

Brady aliendelea. Msimu wa 2021, akiwa na miaka 44, alirusha yadi 5,316 na pasi 43 za kufunga, na hakuna aliyemfikia katika ligi nzima. Mwezi wa kumi mwaka huo alirudi kucheza kwenye uwanja wa Patriots, mvua ikinyesha. Tampa ilishinda 19-17 baada ya teke la mwisho la Patriots kugonga mlingoti. Alitangaza kustaafu mwezi wa pili 2022, akabadili mawazo baada ya siku 40 hivi, na pengine hapo alikosea: msimu wa 2022 ulikuwa wa kushinda nane na kupoteza tisa, na Dallas wakamtoa mapema. Tarehe 1 mwezi wa pili 2023 aliacha kabisa. Makombe saba, moja zaidi ya timu yoyote ya NFL katika historia yake yote.

Je, hesabu hizi zinamhukumu Belichick? Bila Brady, kuanzia msimu wa 2020 mpaka wa 2023, Patriots walishinda 29 na kupoteza 38. Kabla ya Brady, alipokuwa Cleveland kati ya 1991 na 1995, alishinda 36 na kupoteza 44. Wanaomshambulia wanaishia hapo. Wanasahau mwaka 2008: Brady alivunjika goti katika mechi ya kwanza, na kocha huyo akashinda mechi 11 kati ya 16 na kwotabeki ambaye hakuwa ameanza mechi tangu shule ya sekondari, Matt Cassel. Kocha asiyejua kazi hafanyi hivyo. Tofauti ni kwamba mwaka 2008 nyumba ilikuwa nzima. Mwaka 2020 Brady alipoondoka, wapokeaji walikuwa dhaifu tayari, na aliyekuwa akichagua wachezaji ni Belichick mwenyewe. Lawama yangu kwake iko hapo, katika uchaguzi wa watu, wala si katika ubao wa mafunzo.

Na Tampa nayo? Jumatatu usiku, mwezi huo huo wa kwanza 2024, bila Brady, wakiwa na Baker Mayfield aliyesainiwa kwa mwaka mmoja tu, waliwapiga Philadelphia Eagles 32-9 katika mtoano. Evans alikuwa bado yupo. Godwin alikuwa bado yupo. Lavonte David alikuwa bado yupo.

Belichick wakati huo alikuwa na miaka 71. Alikuwa amebakiza ushindi 15 kuipita rekodi ya Don Shula, kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote, na hakutaka kupumzika. Timu kadhaa zilikuwa zikitafuta kocha. Siku hiyo hiyo ya Jumatatu alifanya mazungumzo na mojawapo, iliyoshinda mechi saba na kupoteza 10, yenye vijana wazuri wa kushambulia na isiyokuwa na kwotabeki wa kutegemewa. Timu hiyo ilikuwa Atlanta Falcons, wale wale wa 28-3.